Nilitundika Blu-ray shambani kufukuza ndege wa ulezi, kumbe sura ya mama yangu ilikuwa humo

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu wote.

Najua wengi mtataka kuniamkia, kwa hiyo marahaba yenu naitanguliza hapa hapa. Msiandike shikamoo hamsini tukajaza uzi.

Ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe. Nikitia chumvi, jirani yangu Ndeanasia anasoma humu na atanisuta mbele yenu.

Mimi ni bibi wa Marangu. Shule niliishia darasa la nne, basi mkiona herufi imepotea njia isaidieni ifike. Mjukuu wangu Manka ndiye aliyeniunga humu ili nisome habari za ugonjwa wa migomba. Nikasoma za migomba, nikaanza kusoma na za watu.

Juzi nimeona kijana ameuliza: wakuu, hizi disc za Blu-ray ni kitu gani, zina tofauti gani na DVD, na je nitafute deki yake au nipotezee? Akajibiwa kwa maneno mengi ya kompyuta. Mimi nikasoma mpaka mwisho nikacheka peke yangu, kwa sababu hayo yote nimeyajua kwa miguu yangu, kutoka shambani mpaka Soweto ya hapa Moshi.

Ngoja nimjibu kwa kirefu.

Kwanza mnijue kwa jambo moja. Nakumbuka majina. Nikishaambiwa jina la mtu na la baba yake, halitoki. Huku kwetu watu wakibishana nani alikuwa mtoto wa nani, wananifuata. Sijisifu, ni kama mwingine alivyojaliwa sauti ya kwaya.

Sura ndizo zinanitoroka.

Niliolewa na marehemu Aloisi nikiwa binti mdogo. Wakati huo parokiani kwetu alikuwepo padre mzungu, Padre Anselmi, mwenye kamera ya filamu. Ilikuwa ile ya kukaza ufunguo kama saa ya mezani, halafu inalia trrrr. Siku ya harusi yetu alituchukua nje ya kanisa, halafu akaja nayo mpaka nyumbani kwa baba, watu wakiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Sauti haina. Watu wanatembea tu na kucheka bila mlio.

Mbege ya siku hiyo aliipika mama yangu. Aliitwa Aikaruwa, kwa ubatizo Veronika.

Alifariki kabla sijapata mtoto wa kwanza. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Enzi hizo mtu hakupigwa picha hivi hivi, na mama hakuwa na kitambulisho chochote.

Miaka mingi baadaye parokia ikaletewa DVD ya ile harusi. Nilifurahi nikapika ndizi sufuria nzima, nikaita watu. Lakini ile DVD, wakuu, ilikuwa nakala ya nakala. Padre aliionyesha filamu ukutani, mtu akairekodi ukutani kwa kamera ya video, na video ndiyo ikachomwa kwenye DVD. Watu wote walionekana kama wamepakwa unga. Nilikuwa natambua mtu kwa mwendo wake na kwa aliyekaa naye.

Mama yangu alikuwa kitambaa cheupe kando ya mtungi wa mbege. Kitambaa kinainama, kinainuka. Hapo penye uso, ukungu.

Nimeishi na kitambaa hicho miaka yote. Jina lake ninalo, sauti yake ninayo, hata namna alivyokuwa akigonga mlango ninayo. Ila nikifumba macho nitafute uso, naupata nusu, na kila mwaka ile nusu inapungua. Sikumwambia mtu. Mimi mwenye majina ya tarafa nzima, niseme nimesahau uso wa mama yangu?

Sasa tuingie kwenye mada.

Ikaja bahasha parokiani ina jina langu. Imetoka kwa Klara, mtoto wa dada yake Padre Anselmi, huko Ulaya. Ndani mna barua ya Kiingereza na disc moja kwenye kasha la bluu. Manka anayenisomea Kiingereza anakaa Shirimatunda, Moshi mjini, na alikuwa haji mpaka baada ya wiki mbili.

Mngekuwa nyie mngesubiri? Mimi sikusubiri.

Nikawasha TV, nikaiweka disc kwenye deki. Deki ikanguruma, ikakwaruza, ikaandika NO DISC.

Yaani umeishika kwa mkono wako, umeiweka mwenyewe, halafu mashine inakuambia hakuna disc. Nikaitoa nikaifuta na kanga. NO DISC. Nikaigeuza juu chini. NO DISC.

Akaja Ndeanasia kuchukua moto, akaishika, akaiinua kwenye jua. Akasema hii imekufa safarini, tazama rangi yake imekuwa kama chai ya rangi. Ni kweli ilikuwa na weusi wa chai. DVD ninazozijua zina rangi ya zambarau.

Hapa inabidi niwaeleze kitu, hasa wa mijini. Huku kwetu disc ikifa haitupwi. Inapitishwa kamba, inafungwa kwenye kijiti, inasimamishwa shambani. Upepo ukiizungusha inapiga mwanga huku na huku na ndege wanakimbia. Ulezi ukianza kukomaa, bila hivyo unavunia ndege.

Na mimi ulezi bado nalima. Wenzangu wananunua sokoni, lakini mbege yangu sipendi niipike kwa ulezi wa mtu nisiyemjua. Nina kipande changu kule chini, kando ya mfereji, na wakati huo ndio kwanza ulezi ulikuwa unabadilika rangi.

Mnajua nilichofanya. Nimeshakiandika kwenye kichwa cha uzi.

Nikapitisha kamba ya mgomba kwenye tundu lake la katikati, nikaifunga kwenye kijiti. Barua nikaiweka kwenye kopo la sukari. Na niseme ukweli, disc ile ilikuwa kiboko. Zile nyingine saba za zamani zilikuwa zimechoka. Hii ilipiga mwanga mpaka ng'ambo ya mfereji. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikasema Klara, Mungu akubariki, zawadi yako ina kazi.

Wiki mbili zikaisha, Manka akaja. Nikampa kiburu, ndizi zetu za maharage, akakaa ngazini, nikamletea barua.

Akaanza kunitafsiria polepole. Klara anasema yeye sasa ni mzee, amehamia kwenye nyumba ya wazee, vitu vingi amegawa. Anasema katika vitu vya marehemu mjomba wake alikuta ile filamu yenyewe, sio nakala, ikiwa inanuka kama siki na kukatika katika. Akaipeleka kwa mafundi, wakaipitisha kwenye mashine mara moja tu, ikawa ndiyo mwisho wake. Kilichopatikana wamekiweka kwenye disc hii. Nakala nyingine hana. Ameona asiiache kwa watu wasiomjua hata mmoja aliye ndani, bora aniletee mwenye watu wake.

Manka akafika mahali akarudi mwanzo wa mstari. Akasoma tena kimoyomoyo.

"Bibi, disc iko wapi?"

"Malizia barua kwanza."

"Bibi. Disc iko wapi?"

"Iko kazini," nikamwambia.

Akaweka kiburu chini. Akanisomea mstari uliobaki. Klara ameandika kwamba kando ya mtungi kuna mama mwenye kitambaa cheupe, kwamba sasa uso wake unaonekana vizuri kabisa, na kwamba anacheka.

Sikumbuki nilivyoinuka. Magoti yangu haya, ambayo yakipanda kanisani yananihesabia kila ngazi, siku hiyo yaliteremka kule chini kama ya binti.

Njiani, kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikachuma jani la isale. Wasio wa huku: isale ni jani tunaloshika mtu akienda kuomba msamaha. Ukipelekewa isale hukatai, hata kama una hasira ya miaka. Manka akaniuliza nampelekea nani. Nikamwambia twende. Niliona tu siwezi kwenda mikono mitupu.

Tukafika. Vijiti vinane vimesimama. Disc saba.

Kile cha katikati kina kamba inaning'inia, disc hakuna.

Nikapiga magoti kwenye ulezi wangu, natafuta kwa mikono kati ya mashina. Manka naye upande wake. Nikafikiri imeangukia mferejini, imekwenda na maji, mpaka Himo huko. Ndipo mwanga ukanipiga jichoni.

Ulitoka ng'ambo. Shambani kwa Ndeanasia.

Tukavuka. Tukamkuta amekaa kwenye jiwe anachambua mboga, na juu ya kichwa chake mama yangu anazunguka na upepo.

Akaniona nahema, nimeshika isale. Sasa, mbuzi wangu alikuwa ameingia kwake siku chache nyuma akala maharage, na tulikuwa hatujalizungumza. Ndeanasia akasimama, akalipokea lile jani kwa mikono miwili, akasema kwa upole kabisa, "Nimekusamehe, dada. Kaa upumzike. Mbuzi ni mbuzi."

Manka akageuka akatazama mlima.

Nikamwambia Ndeanasia asante, na hiyo disc je? Akasema ameiazima tu. Ndege wa kwake wameshazizoea zile disc za kwaya, wanatua juu yake wanajisaidia. Hii ya kwangu ndiyo iliyokuwa inawatia adabu.

Basi nikaondoka na disc, na msamaha wa mbuzi nikauchukua. Ulikuwa wangu kwa haki.

Disc ilikuwa na kinyesi cha ndege na mkwaruzo mmoja mwembamba. Manka akaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Anasema ukiifuta kwa kuzungusha unaiumiza. Hilo liandikeni.

Kesho yake tukateremka Moshi.

Kwa Manka kuna TV kubwa ila hana deki, wao kila kitu ni flash na simu. Tukaingia kwenye duka moja la vitu vilivyotumika vya Ulaya. Muuzaji akasikia neno HD tu, akatutolea deki nyeusi nzito kama tofali. Ina maandishi HD DVD. Akasema mama, hii inasoma HD zote za duniani. Manka akamwambia tunaijaribu kwanza, isiposoma inarudi. Akakubali, muungwana.

Tukaiunganisha kwa waya wa HDMI. Ikameza disc. Ikafikiri. Ikaitema.

Mara tatu.

Hapo ndipo nilipoingia chumbani kwa Manka nikakaa kitandani. Kwenye DVD mama alikuwa ukungu, sawa, lakini ukungu haukuwa kosa langu. Hii niliitundika mimi, kwa mkono wangu, wiki mbili juani, nikairidhia. Nikaona nimemfukuza mama yangu pamoja na ndege.

Manka akaja akakaa kando yangu, hakusema pole. Akasema, "Bibi, deki mbili zimekataa. Hatujamuuliza fundi hata mmoja."

Ndio tukaenda Soweto kwa fundi Deogratias, wanamwita Deo. Mtu mzima, ana mvi kidogo, marehemu baba yake Sabini alikuwa seremala. Mbele ana meza ya kutengeneza TV, nyuma ana banda la gemu vijana wanacheza mpira wa kwenye kioo.

Deo akaitazama disc kwa ukingo, akaitazama ile deki nzito, akaanza kutabasamu.

"Bibi unalima?"

"Nalima."

"Shamba moja, ukubwa ule ule. Ukipanda mahindi na ukipanda ulezi, wapi zimeingia mbegu nyingi?"

Nikamwambia hilo nalo swali?

Akasema basi DVD ni mahindi. Blu-ray ni ulezi. Duara ni lile lile, ila mbegu ni ndogo na zimebanana, ndiyo maana inabeba picha kubwa na safi. Deki yangu ya nyumbani ina jicho la mwanga mwekundu, mnene. Linaona mahindi. Ulezi kwake ni vumbi, ndiyo maana linasema hakuna disc. Blu-ray inataka jicho la mwanga wa bluu, jembamba.

Nikamuuliza na hii nzito? Akacheka. Akasema zamani zilitoka disc mbili mpya kwa wakati mmoja, Blu-ray na HD DVD, kama wagombea wawili wa udiwani kata moja. Blu-ray akashinda. Yule mwingine hata mabango yake hayapo. Deki yake nayo ina jicho la bluu, lakini huyo alifukia mbegu kwa kina kingine, hawasomani.

"Kwa hiyo disc haijafa?" nikauliza.

"Sijui bado. Hakuna aliyeisoma."

Nikamweleza na habari za shambani. Yote, na kamba ya mgomba. Akaacha kutabasamu, akaigeuza geuza. Akasema kuna zinazokufa kwa jua haraka sana, hasa za kuchoma. Hizi zenye weusi nyingine huvumilia, na kwa kuwa mbegu zake ziko karibu na uso, wamezivika ngozi ngumu. Tujaribu.

Nilifikiri atatoa deki. Akafunua pazia akatuingiza kwenye banda la gemu. Kumbe ile mashine ya gemu ina jicho la bluu. Kijana uliyeuliza swali, hebu tazama ndani kwenu kabla hujatafuta deki. Huenda unayo na unachezea mpira.

Vijana kama kumi walikuwa mechi imepamba moto. Wakaniamkia wote, wakanipa kiti cha mbele. Deo akawaambia simamisheni kidogo, bibi ana harusi.

"Harusi ya nani?" mmoja akauliza.

"Yangu," nikasema.

Wakaweka pedi zao chini kwa adabu. Disc ikaingia. Kwenye TV kikaja kiduara kinazunguka. Kikazunguka. Manka akanishika mkono, na mimi nikawa natazama kile kiduara na kuona shamba.

Kikatoka. Likatokea kanisa letu.

Wakuu, mimi sijui niwaambieje. Niliona tofali moja moja. Niliona kifungo cha koti la Aloisi kilichokuwa cha rangi tofauti, nilichokishona mimi usiku wa kuamkia harusi kwa uzi nilioupata. Niliona matope kwenye viatu vyake. Watu wakaanza kutoka mlangoni na nyuso zao.

Sikupanga kusema. Majina yalitoka yenyewe.

Huyo Yosefati mpiga kengele. Huyo mjomba Barnaba, amesinzia, alisinzia hata kwenye harusi yake. Huyo Aneti. Hapana, ni Prisila mdogo wake, miaka yote kwenye DVD nimemwita Aneti, nisamehe Prisila. Huyo mwenye mwavuli ni Melkiori wa Mzee Filipo, yule wa kijiji cha Mamba.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Bibi, huyo Melkiori alikuwa fundi cherehani?"

Nikasema ndiye, na alikuwa chongo.

"Huyo ni babu yake mama yangu." Akasogea mpaka mbele ya kioo. "Kumbe mrefu hivi."

Wenzake wakamtania kwamba urefu huo ulipotelea njiani. Yeye hakugeuka. Alikuwa anatazama.

Ikafika nyumbani kwa baba. Mtungi. Kitambaa cheupe.

Kumbe kitambaa kilikuwa na vidoti. Vidogo vya bluu, alivitia mwenyewe kwa sindano. Ameinama na kata yake, anachota. Kwetu mpishi wa mbege huonja kwanza wageni wakimtazama, ndipo wengine wanywe. Akaonja. Akajifuta mdomo. Akainuka, akageuka upande wa kamera, na mara mtu akamwambia jambo, akacheka.

Mama yangu ana mwanya, wakuu.

Nilisahau mwanya. Nilisahau kabisa. Na ni ule ule wa Manka, mahali pale pale. Nimeutazama kinywani kwa mtoto huyu tangu ameota meno nikijiuliza ameutoa ukoo gani. Manka naye akapeleka kidole mdomoni.

Ndipo picha ikaganda.

Ule mkwaruzo mwembamba. Disc ilifika hapo ikakwama, mama amecheka, kata mkononi, mwanya wazi. Deo akanyoosha mkono airuke.

"Mwanangu," nikamwambia, "iache hapo hapo."

Akaiacha. Vijana hawakuulizia mechi yao. Nikamtazama mama yangu mpaka nikashiba, nusu yote iliyokuwa imepotea ikarudi mahali pake, na nikawa nacheka na yeye, machozi yanashuka, na wale vijana wasiojua cha kufanya wakaanza kupiga makofi. Banda zima likapiga makofi. Sijapigiwa makofi hivyo hata siku yenyewe ya harusi.

Sasa nimalizie upande wa kijana wetu, kwa sababu aliuliza jambo la maana.

Deo alipata mwenzake mwenye kisomeo cha Blu-ray cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wakatoa filamu yote ikaingia kwenye flash mbili na kwenye simu ya Manka. Zimepotea sekunde chache pale kwenye mkwaruzo, na ile picha iliyoganda Manka ameitengenezea fremu.

Deki nzito tulimrudishia mwenye duka. Nikamweleza habari za mahindi na ulezi, akasema mama hata mimi nilikuwa sijui.

Halafu nikataka niwe mjanja. Nikampelekea Deo ile DVD ya zamani, nikamwambia ihamishie kwenye Blu-ray nayo iwe safi. Akakataa. Akasema ukihamisha ukungu kwenye chombo kikubwa unapata ukungu mkubwa. Disc mpya haiongezi kitu ambacho kamera haikukiona au nakala imeshakipoteza. Usafi wa picha yangu umetokana na filamu ya Padre Anselmi mwenyewe. Disc imeubeba tu bila kuumwaga.

Kwa hiyo ushauri wangu mimi bibi ni huu. Kama una kitu kimepigwa vizuri tangu mwanzo na TV yako ni kubwa, Blu-ray utaifurahia, macho yangu ni shahidi. Kama vitu vyako ni vile vya video ya harusi za zamani, kaa na DVD yako, usidanganywe. Na DVD zako deki ya Blu-ray inazisoma, ila deki ya DVD haisomi Blu-ray, hilo nalo nimelijua kwa Deo. Kitu kisicho na nakala kitolee nakala siku hiyo hiyo, kabla hakijakutana na Ndeanasia. Na mashine ikikuambia NO DISC, muulize fundi kabla hujachukua kamba.

Noeli iliyopita walipanda wote nyumbani, watoto na wajukuu, kutoka Dar na Arusha. Ulezi ule ule uliolindwa na mama yangu nilikuwa nimeuvuna, nikaupikia mbege. Tulipoangalia filamu nikawatajia watu wote, Manka akiandika. Nikachota, nikaonja wa kwanza, wakasema bibi umefanya kama yule kwenye TV.

Wametoka watu mia na nne, kila mmoja na jina lake.

Isipokuwa mmoja.

Na hapa ndipo ninapohitaji msaada wenu. Kwenye ile picha iliyoganda, nyuma ya mama, kuna mwanaume sijawahi kumwona maishani. Kwenye DVD hakuonekana, alikuwa sehemu ya migomba. Amevaa kofia ya pama na koti limemzidi mikono. Ana kata ya mbege kila mkono, na ndizi mbivu imechungulia kwenye mfuko wa shati. Hakuwa wa ukoo wetu wala wa Aloisi. Nimewauliza wazee wote waliobaki, hakuna anayemjua. Alizamia harusi yangu, akanywa kwa mikono miwili, akaondoka.

Mdomo wake uko wazi, na mama anamtazama yeye. Ndiye aliyesema lile jambo. Ndiye aliyemchekesha mama yangu mpaka mwanya ukaonekana.

Manka ataweka picha hapa chini. Mtazameni vizuri, muwaonyeshe na wazee wenu. Kama ni babu yako, usione aibu, simdai kitu. Na kama nyumbani kwenu kuna utani alikuwa akiupenda kuusimulia, uandike pia, nijue mama alicheka nini.

Jina lake tu, na la baba yake. Mimi nitalikumbuka.